Dashibodi Nne na Mauzo ya Siku 11

Hii ni habari ya seva yangu ya nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote kuhudumia vifaa vingine, na dashibodi, zile kurasa za kwenye kivinjari za kuisimamia. Kompyuta yenyewe niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, Januari 2024. Ni Dell OptiPlex 7050, ile ndogo kabisa ambayo unaibeba kwa mkono mmoja kama kaunta buku, prosesa i5 ya kizazi cha 7, memori GB 8. Muuzaji alianzia 480,000, tukamalizana kwenye 410,000 na chaja yake. Nikaongeza memori ifike GB 16, nikachukua diski ya SSD ya GB 500 na UPS ya VA 650, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Nashuka kwenye daladala Tabata, zaidi ya laki saba imeshaondoka. Mama watoto akaigeuzageuza ile kompyuta, akauliza, "Kioo chake kiko wapi?" Nikamwambia hii haihitaji kioo. Akasema, "Haya." Ile haya ndefu, mnaijua.

Nia yangu ilikuwa njema. Ana duka la vifaa vya shule kwenye fremu ya mbele ya nyumba tunayopanga, na programu yake ya mauzo haikubali kukaa popote isipokuwa kwenye Windows. Laptopu iliyokuwa nayo ilimwagikiwa chai Desemba. Picha za watoto zilikuwa zimejaza simu mbili, na katuni za mtandaoni zilikuwa zinamaliza bando kabla ya katikati ya mwezi. Nikajiambia: nitaweka seva moja juu ya kabati, iendeshe mashine pepe ya Windows, yaani kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta, kwa ajili ya duka, na pembeni makontena matatu, vifurushi vya programu vinavyojitegemea: Immich ya picha, Jellyfin ya katuni, Pi-hole ya kuzuia matangazo. Dukani angeingia kwa mbali kupitia kilaptopu chakavu kisicho na nguvu.

Wa kwanza kuniuliza habari za Luku alikuwa jirani, kwa hiyo nijibu kabisa. Ikiwa imetulia, kompyuta hii inakula kama wati 15. Zidisha kwa saa 24, kwa siku 30, unapata karibu uniti 11 kwa mwezi. Kama uko kwenye bei ya chini ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hizo 11 zipigie hesabu mapema. Kompyuta kubwa ya zamani ya ofisini, ile ya mnara, inaweza kula mara tatu au nne ya hapo, na ndiyo maana sikuinunua ingawa ilikuwa bei chee.

Mwanzoni sikuwa na dashibodi yoyote. Niliweka Ubuntu Server, ambayo ni aina ya mfumo wa Linux, na Docker, programu inayoendesha makontena, nikawa naandika amri kwenye skrini nyeusi, na nilijiona fundi kweli. Halafu kazi ikanipeleka Morogoro siku tatu. Siku ya pili simu inalia: picha hazifunguki. Nikaanza kumsomea mama watoto amri kwa simu. "Andika docker. Nafasi. Restart. Nafasi. Immich." Kimya. "Imekataa." Nikamwomba anisomee alichoandika. Akanisomea herufi kwa herufi: dockernafasirestartnafasi. Nilicheka peke yangu kwenye korido ya gesti, yeye hakucheka hata kidogo. Ana wateja wanasubiri, mimi namfundisha Linux kwa simu.

Pale ndipo ilipobidi niwaze vizuri. Seva ya nyumbani haina mtu mmoja. Ina aliyeijenga, na ina anayekuwepo inapogoma, na mara nyingi hao ni watu wawili tofauti. Natamani ningelishika hilo siku ileile, lakini niliporudi nilianza kutafuta dashibodi itakayonipendeza mimi.

Nikaanza na Portainer kwa sababu kila niliyemuuliza aliitaja. Inawekwa kama kontena kama makontena mengine, unaifungua kwenye kivinjari kwa poti 9443, yaani namba ya mlango unayoiandika mwisho wa anwani. Nikaiwasha, nikatoka kwenda kununua chipsi mayai. Narudi, ukurasa unaniambia muda umekwisha kwa sababu za usalama. Nikafuta, nikaweka upya, nikakaa kula kwanza, ikagoma tena. Maelezo yao yanasema wazi: ukishaiwasha una dakika 5 tu za kufungua akaunti ya msimamizi, la sivyo inajifunga mpaka uizime na kuiwasha tena. Na ni busara, maana bila hivyo mtu yeyote kwenye mtandao wako angekuwahi kuwa msimamizi. Mimi sikusoma. Chipsi zilipoa bure.

Ilipokubali, niliipenda. Unaona kila kontena, lililo hai na lililolala, unasoma logi, yaani kumbukumbu za kilichotokea, bila kukariri amri, unabonyeza kitufe linaanza upya. Kwa wiki mbili nilikuwa nawaonyesha wageni. Shida ikaja zamu ya Windows, kwa sababu Portainer ni ya makontena na habari za mashine pepe haimo. Nikatafuta kitu cha pili, nikaangukia Cockpit.

Cockpit niisifie kidogo, maana watu wanaipita kama daladala iliyojaa. Inasukumwa na Red Hat, inakaa poti 9090, na unaingia kwa jina na nenosiri lilelile la mtumiaji wa Linux. Haikuundii ufalme wake wa akaunti. Huduma yake inaamka pale tu unapofungua ukurasa, kwa hiyo kwa mashine yenye memori ya kubanabana haikusumbui. Inakuonyesha diski, logi, masasisho, na ukiongeza kipande chake cha mashine inasimamia mashine pepe za KVM, zile zinazoendeshwa na Linux yenyewe. Kwa upande wa makontena, imeelekea Podman, programu nyingine ya kuendesha makontena, badala ya Docker, kwa hiyo makontena yangu haikuyaona. Nikawa na dashibodi mbili, nenosiri mbili, na mke mmoja ambaye nilimwandikia vyote viwili kwenye karatasi nikaigandisha nyuma ya mlango wa kabati.

Sasa njoo kwenye siku tatu nilizopoteza kijinga. Windows ilitakiwa ipate anwani yake yenyewe kutoka kwenye rauta, ili kilaptopu cha dukani kiione. Njia yake ni kutengeneza daraja la mtandao ndani ya seva, mashine pepe ikakaa juu yake kana kwamba imechomekwa waya kwenye rauta. Nikatengeneza daraja. Windows haipati anwani. Nikabadilisha waya. Nikaweka Windows upya, saa nzima. Nikailaumu rauta, nikailaumu Windows. Usiku wa tatu, saa saba, nikazima Docker kwa bahati tu, nikaanzisha seva upya bila hiyo, na Windows ikapata anwani papo hapo.

Chanzo chake ni hiki, na bado kinawakuta wengi. Docker inapoanza inapanga kanuni za mtandao kwenye mashine nzima, na mojawapo ni kukataa kwa jumla pakiti, yaani vipande vya data, zinazopitishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, isipokuwa zile inazozijua. Pakiti za daraja langu nazo zikawa zinapitishwa kwenye kichujio hichohicho. Docker ilikuwa inafanya kazi yake, ni mimi niliyeweka wapangaji wawili chumba kimoja bila kuwatambulisha. Dawa ni mstari mmoja wa kanuni kwenye mnyororo unaoitwa DOCKER-USER, wa kuruhusu kinachoingia na kutoka kwenye daraja lile. Nikauweka, ikafanya kazi, lakini roho yangu haikutulia. Nyumba ambayo ukigusa swichi ya jikoni taa ya chooni inazima, siku moja itakuunguza.

La pili lilinitia aibu zaidi. Nyumba yetu ina wapangaji wanne na waifai tunachangia. Nilikuwa nimeweka ukuta wa moto wa Ubuntu, ule wa ufw wa kuzuia wasioalikwa mtandaoni, nikafunga kila poti isipokuwa chache, nikalala usingizi wa mtoto. Jumamosi moja kijana wa chumba cha nyuma akanifuata na simu mkononi: "Braza, hii Portainer ni ya kwako? Inanitaka nenosiri." Alikuwa anachokonoa tu mtandao kwa programu fulani ya simu. Nikamwambia haiwezekani, nimefunga. Akanionyesha. Poti ambazo Docker inazifungulia kontena zinapita kwenye kanuni za Docker kabla ya kufika kwenye za ufw, kwa hiyo ufw inakwambia imefunga na mlango uko wazi. Suluhisho nililolifuata ni kuifungia poti kwenye anwani ya 127.0.0.1 ili isionekane nje ya mashine, kisha mimi naifikia kwa njia nyingine. Na msidharau: anayeingia kwenye dashibodi ya Docker ni sawa na aliyeshika funguo za seva nzima, kwa sababu anaweza kuanzisha kontena linalosoma diski yote. Yule kijana nilimnunulia soda. Angeweza kunyamaza.

Mpaka hapo ilikuwa Machi, na nilishaamua kubomoa. Nikaanza kuuliza watu. Mwenzangu wa kazini, mtu wa VMware miaka mingi, akanishauri ESXi, mfumo wao wa kuendesha mashine pepe, lakini mwezi uliotangulia Broadcom, wamiliki wapya wa VMware, walikuwa wameondoa toleo la bure. Limerudi 2025, ila wakati ule lilikuwa limekufa, na sikutaka nyumba yangu isimame juu ya uamuzi wa mtu aliye mbali hivyo. Nikajaribu Incus Jumapili nzima kwenye laptopu ya kuazima. Incus ilichipuka 2023 kutoka LXD, baada ya Canonical, wenye Ubuntu, kuichukua LXD iwe mradi wao wenyewe, na kwa kweli ni kitu kisafi: mashine pepe na makontena ya mfumo chini ya paa moja. Ukurasa wake wa wavuti ndio ulionirudisha nyuma. Kuingia kwa kawaida ni kwa cheti, faili la utambulisho unalolipakia kwenye kivinjari, hakuna jina na nenosiri. Kwa mtaalamu hilo ni zuri sana. Nikajiwazia namsimulia mama watoto habari za cheti kwa simu, nikafunga laptopu.

Ikabaki Proxmox, mfumo mzima wa kuendesha mashine pepe na makontena. Inatengenezwa na kampuni ya Vienna, Austria, tangu 2008, imesimama juu ya Debian, aina nyingine ya Linux, na dashibodi haijabandikwa pembeni. Ndiyo sura yake ya kwanza unayokutana nayo. Mashine pepe za KVM na makontena ya LXC, ambayo si sawa na ya Docker, yako kwenye orodha moja. Ninachotaka kukisema kabla sijaisifia ni namna nilivyohamia, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia.

Kisakinishi cha Proxmox kinafuta diski unayokichagulia, yote. Nilijua. Kwa hiyo usiku ule nilichomeka diski ya nje, nikanakili folda za picha, nikanakili faili la diski ya Windows, lile kubwa la GB 60. Windows ilikuwa inaendelea kufanya kazi, maana mama watoto alikuwa bado anafunga hesabu za siku na sikutaka kumsumbua. Faili likanakilika bila kosa lolote, ukubwa ni uleule. Nikafuta.

Kunakili diski ya mashine iliyo hai ni kama kumpiga picha mtu anayekimbia kwa kamera ya polepole: kichwa kiko hapa, miguu ilishafika kule. Mwanzo wa faili ulinakiliwa dakika moja, mwisho wake robo saa baadaye, na katikati programu ilikuwa inaandika. Kwenye Proxmox, Windows iliwaka baada ya kujitengenezatengeneza, lakini hifadhidata ya mauzo ilikataa kufunguka. Nilikaa nayo mpaka adhana ya alfajiri. Haikufunguka.

Nimewahi kupoteza pesa na nimewahi kuibiwa simu Posta mchana kweupe. Hakuna kilichofanana na kumwamsha mtu na kumwambia mauzo yako hayapo. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akauliza, "Yote?" Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye mkoba wake, akatoa fleshi. Kumbe kila anapokumbuka, yeye huwa anabonyeza kile kitufe cha programu cha kutoa nakala na kuiweka kwenye fleshi, kwa sababu, kwa maneno yake, hicho kiboksi chako hakina kioo. Nakala ya mwisho ilikuwa ya siku 11 nyuma.

Siku hizo 11 tulizirudisha kwa mkono. Ripoti za Z, zile za kufunga siku, za mashine ya risiti ya EFD zilitupa jumla ya kila siku, lakini hazisemi ni kalamu ngapi na kaunta buku ngapi zilitoka. Kwa hiyo tukahesabu rafu nzima, daftari kwa daftari, jioni tatu mfululizo, na daftari la madeni pembeni. Kuizima Windows kabla ya kunakili kungenichukua dakika 5. Gharama ya kutoizima sikuwahi kuiandika kwa shilingi.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kusoma maelezo kwanza.

Proxmox ina vitisho vyake vidogo kwa mgeni. Anwani inaanza na https na lazima iishie na 8006. Ukiandika kama tovuti ya kawaida, bila hiyo namba, haifunguki, unadhani imekufa. Kivinjari kitakuonya kwamba cheti hakiaminiki, kwa sababu kimejitengeneza chenyewe humo ndani. Kila ukiingia utaambiwa huna usajili halali, na mimi nilidhani ni jaribio la siku 30. Sivyo. Yote inafanya kazi bila kulipa. Usajili ni wa msaada wa kitaalamu na ghala la masasisho ya wateja wa biashara. Hilo ghala ndilo limewekwa tangu mwanzo, kwa hiyo masasisho yatagoma mpaka ulizime na uwashe lile la wasio na usajili. Kazi ya dakika mbili, kwenye dashibodi hiyohiyo.

Kilichonipotezea muda zaidi ni neno kontena. Kontena la Docker ni programu moja na vikorokoro vyake, unalitupa na kuleta jipya. Kontena la LXC ni kama kompyuta nzima ndogo, lina watumiaji wake na huduma zake, unaingia na kulisasisha kama Linux nyingine yoyote. Mimi nilikuwa nazunguka kwenye kurasa za Proxmox, toleo la 8, nikitafuta mahali pa kuandika jina la imeji ya Immich, ile inayozaa kontena la Docker, siku mbili. Hapakuwepo. Na kwa kuwa nilishaonja yale ya daraja, sikuthubutu kuweka Docker moja kwa moja kwenye Proxmox. Nilichofanya ndicho wenyewe wanachokipendekeza: nikatengeneza mashine pepe ya Debian, Docker ikaishi humo peke yake na kanuni zake zote za mtandao. Ikivuruga, inavuruga chumbani kwake. Mgao wa memori ukawa GB 6 Windows, GB 6 Debian, MB 512 kwa Pi-hole kwenye LXC, na kinachobaki ni cha Proxmox kupumulia. Ukianza na memori GB 8 mpango huu hautoshi, usijidanganye.

Ndani ya ile Debian bado nilihitaji kitu cha kuangalia Docker. Portainer nilikuwa naijua, lakini wakati wa kuhama niligundua kwamba mipangilio yote niliyoiandika kwenye ukurasa wake ilikuwa imekaa ndani ya hifadhi yake yenyewe, kwenye folda zenye majina ya namba. Nilizitoa, ila ilinibidi nichimbe. Nikahamia Dockge, dashibodi ya mtu yuleyule aliyetengeneza Uptime Kuma, programu ya kuangalia kama huduma ziko hai. Kila kundi la makontena lina folda yake yenye jina la kueleweka chini ya /opt/stacks, faili la compose, lile lenye mipangilio ya makontena, ni faili la kawaida, na ukiamua kesho kuifuta Dockge makontena yanaendelea na unayasimamia kwa amri zilezile za zamani. Siku hizi kila dashibodi naipima hivyo: naizima, naangalia kilichobaki. Portainer ina mengi ambayo Dockge haina. Inasimamia seva nyingi, inagawa watumiaji na ruhusa. Mwenye timu ofisini aende Portainer bila kusita. Mimi nina kabati moja.

Lakini Dockge ni yangu mimi. Ya mama watoto ni Proxmox, na haioni yote. Nilimfungulia akaunti, nikampa hadhi inayoitwa PVEVMUser kwenye mashine moja tu, namba 101, ile ya Windows. Akiingia, kwenye orodha anaiona hiyo peke yake, na vitufe vya kuiwasha, kuizima, kuianzisha upya. Hawezi kuifuta hata akitaka. Siku ya kwanza ilimkataa mara nne, nikaanza kutokwa jasho, kumbe kwenye ukurasa wa kuingia kuna kisanduku cha kuchagua akaunti ni ya Linux au ni ya Proxmox yenyewe, na kilikuwa kimekaa upande wa Linux. Kipigeni alama kwenye karatasi, kitawasumbua. Ile karatasi ya nyuma ya mlango wa kabati niliing'oa, nikaweka nyingine yenye mistari mitatu.

Bakapu sasa inajiendesha saa 8 usiku kila siku, kwenye diski ya nje, inaweka nakala 7 za mwisho na kufuta za zamani. Inachukua mashine ikiwa hai, ila kwa utaratibu wake, haifanyi kama mimi nilivyofanya. Mama watoto hakuridhika na maelezo. Alitaka kuona. Jumamosi moja baada ya kufunga duka, nikairudisha nakala ya jana yake kama mashine mpya, namba 901, nikatoa waya wake wa mtandao ndani ya mipangilio ili zisigongane, tukaiwasha. Alifungua programu, akatafuta risiti ya mteja mmoja aliyenunua ramani ya Afrika. Ipo. Akasema, "Haya." Fupi. Fleshi yake bado anaitumia, na sijamkataza.

Mengine ni ya kupita haraka. Kwenye BIOS ya Dell, ile mipangilio ya msingi kabla mfumo haujawaka, kuna mpangilio wa kuiwasha kompyuta yenyewe umeme ukirudi. Uwasheni, halafu kwenye Proxmox kila mashine muiambie ianze na mfumo, Pi-hole ya kwanza, Windows ya mwisho. Kipindi kile cha mgao, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, nilikuwa nawasha kwa mkono hadi mara mbili kwa siku. UPS ichomeke na rauta, siyo seva peke yake. Na msiiweke juu ya kabati karibu na dari kama nilivyofanya. Joto la Dar la Februari linapanda huko lote. Yangu ilikuwa inafika nyuzi 80, nikaishusha kwenye rafu ya chini, ikashuka nayo.

Poti 8006 msiifungue kwenye intaneti. Mimi hata ningetaka nisingeweza, kwa sababu laini yangu haina anwani ya umma ya kwangu peke yangu, tunachangia wateja wengi. Nilitumia Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri ya VPN, inayojengwa juu ya WireGuard. Simu yangu popote ilipo inaiona seva kana kwamba niko sebuleni.

Novemba nilikuwa kwenye treni ya SGR kwenda Dodoma, tumeshaipita Morogoro, mama watoto akanitumia picha ya skrini: Windows imeganda, asubuhi, na duka lina watu. Nikafungua simu, mtandao unakuja na kukatika kila tukiingia kwenye milima. Nikawasha Tailscale, nikasubiri, nikaandika nenosiri, likakatika, nikaandika tena. Dakika kama 15 hivi. Ukurasa ulipofunguka, macho yakaenda chini kwenye orodha ya kazi zilizofanyika. Mstari wa juu kabisa ulikuwa na saa 5 na dakika 12 asubuhi, jina la mtumiaji ni lake, VM 101, Reset, na mbele yake OK. Alishamaliza kabla sijaingia.

Nikampigia. Hakupokea, alikuwa na wateja.